Uchovu usioisha na baridi mchana kweupe: kabla hujanunua dawa yoyote, kapime TSH

Mbukwenyi wapendwa! Leo nataka tuongelee thairoidi, ile tezi ndogo iliyokaa mbele ya shingo chini ya kikoromeo. Tangu niseme kwenye grupu letu la kina mama wa jumuiya kwamba mi natumia dawa yake kila siku asubuhi, simu haijatulia, naulizwa na kina dada wa hapa Dodoma, mitaa ya Kisasa, Nkuhungu, Ipagala, kuna mama mmoja kanipigia mpaka kutoka Manyoni, na maswali yao karibu yote yanafanana: nimechoka tu, nanenepa wakati sili, nywele zinakatika, ninunue nini? Jibu langu ni lile lile, usinunue kitu chochote kwanza, kapime TSH. Ni damu kidogo tu ya mkononi, inaonyesha kama thairoidi inafanya kazi sawasawa.

Kazi ya hiyo tezi ni kutengeneza homoni inayoamua mwili mzima uende kwa spidi gani, moyo upige vipi, chakula kisagwe haraka au polepole, joto la mwili liwe kiasi gani, akili ichangamke au ilale. Sasa homoni ikipungua kila kitu kinapunguza mwendo, na kinapunguza taratibu mno ndo maana mtu anakaa nayo hata miaka bila kujua, anadhani ni umri, au ni kuzaa, au ni kazi nyingi. Unaamka umechoka. Choo kinakuwa kigumu, ngozi inakauka mpaka visigino vinapasuka, uso unavimba asubuhi, sauti inakwaruza, hedhi inakuwa nzito au inavurugika, unasahau majina ya watu unaowajua kabisa. Kilo zinaongezeka kweli ila kwa kawaida ni chache na sehemu kubwa ni maji na chumvi mwilini, kwa hiyo mtu aliyeongezeka kilo 30 asiibebeshe thairoidi mzigo wote peke yake.

Mi iliyonishtua ni baridi. Mnaijua Dodoma ya Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaanza, jua linachoma mpaka lami inalainika, ofisini watu wanagombania kukaa karibu na feni, mi nimevaa sweta na vidole vimekufa ganzi. Nilikwenda hospitali, wakapima malaria, wakapima taifodi, wakapima wingi wa damu, damu ikaonekana iko chini kidogo, nikapewa vidonge vya kuongeza damu na maneno kwamba mama una mawazo sana punguza mawazo. Nilirudi, nikaambiwa hivyo hivyo. Naandika hili bila kumtaja mtu kwa sababu najua limewapata wengi na sehemu nyingi, ila linaniuma, kwa sababu damu kupungua na moyo kuwa mzito vyote vinaweza kuletwa na hii tezi, na mtu anayeambiwa ana mawazo anarudi nyumbani kujilaumu wakati mwili wake umeishiwa homoni.

Aliyeigundua ni daktari mmoja kijana sana, nadhani alikuwa bado yuko mafunzoni. Hakuanza na kuandika vipimo, alinishika mkono akaona ni wa baridi na mkavu, akaangalia nyusi zangu zilivyopungua upande wa nje, halafu akaniambia mama piga magoti juu ya hicho kiti, miguu ining'inie nyuma. Akachukua kile kinyundo cha mpira akagonga mshipa ule mnene wa nyuma ya kifundo cha mguu. Wayo ulishtuka kama kawaida, ila kurudi pale ulipokuwa ulirudi polepole mno, niliuona mwenyewe nilipogeuza shingo. Akarudia kugonga mguu wa pili, vile vile. Akasema "mama, hii siyo mawazo, hii tunapima thairoidi leo leo." Majibu ya TSH yakaja zaidi ya 60 na ile T4 huru, yaani homoni yenyewe ya thairoidi kwenye damu, iko chini kabisa. Mungu ambariki huyo kijana popote alipo.

Sasa hiyo TSH ni nini, maana watu wanaona namba imepanda wanafikiri tezi inafanya kazi kupita kiasi, kumbe ni kinyume chake. TSH haitoki kwenye thairoidi, inatoka kwenye tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo ambayo ndo inaisimamia thairoidi. Ni sawa na mama anayemwita mtoto aliyeko nje, mtoto akiitika mapema mama anaongea kwa sauti ya chini, asipoitika mama anazidi kupaza mpaka jirani wote wanasikia. Kwa hiyo TSH kubwa maana yake thairoidi haiitiki. Maabara nyingi zinaweka kawaida kati ya kama 0.4 na 4.0, zinatofautiana kidogo, we angalia kile kiwango kilichochapwa pembeni ya majibu yako. Na ikiwezekana pima maabara ile ile kila mara na muda ule ule wa asubuhi, kwa sababu TSH inapanda usiku inashuka mchana na ukichanganya changanya unaweza kuona mabadiliko ambayo hayapo.

TSH ikiwa juu na T4 huru iko chini, hapo hakuna ubishi, tezi imelegea na unahitaji dawa. TSH ikiwa juu kidogo, tuseme 6 au 7, na T4 iko sawa, hapo ndo pa kutulia. Wengi wakirudia kupima baada ya miezi miwili mitatu wanakuta imerudi yenyewe, maana hata ugonjwa mkali uliotoka kupona unaweza kuipandisha kwa muda. Ikizidi 10 madaktari wengi wanaanzisha dawa, ikiwa chini ya hapo wanaangalia mtu mwenyewe, ana dalili, anatafuta mtoto, moyo wake ukoje, umri gani, kwa sababu wazee TSH yao huwa juu kidogo kwa asili na kumjaza bibi wa miaka 80 homoni kwa sababu ya namba 6 unaweza kumharibia moyo. Halafu kuna kipimo cha tatu, cha kingamwili za TPO, hicho kinakwambia kama kinga yako mwenyewe ndo inaishambulia tezi. Ugonjwa huo unaitwa Hashimoto, kwa jina la daktari wa Kijapani Hakaru Hashimoto aliyeueleza mwaka 1912, na unawapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Kipimo cha TPO ukishafanya mara moja ikaonekana ipo hakuna haja ya kulipia tena kila mwaka, weka hela yako kwenye TSH.

Jambo moja ambalo maabara hawakuulizi: kama unameza vidonge vya bayotini, vile vya kukuza nywele na kucha ambavyo siku hizi kila duka la vipodozi vipo, viache angalau siku mbili kabla ya kupima na umwambie daktari. Kwenye baadhi ya mashine vinafanya TSH isomeke chini na T4 isomeke juu kuliko ukweli. Na fikiria ni nani hasa anavinunua, ni yule yule dada ambaye nywele zinakatika kwa sababu ya thairoidi! Anapima, majibu yanatoka mazuri, anaambiwa hana shida.

Haya tuje kwenye dawa. Dawa ni levothairoksini, na ni homoni ile ile ya T4 ambayo tezi ingetengeneza, imetengenezwa kiwandani tu. Siyo dawa ya kuponya kwamba utameza miezi mitatu umalize, unajazia kile kilichopungua, na kwa wengi wetu ni ya maisha. Najua neno hilo linaogopesha, kuna dada alilia mbele yangu. Ila nilimwambia na nawaambia na nyie, kabla ya mwaka 1891 watu wenye ugonjwa huu walikuwa wanavimba wanapoteza akili taratibu mpaka wanakufa na hakuna wa kuwasaidia. Mwaka huo daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, akachukua tezi za kondoo akakamua maji yake akamchoma sindano mama mmoja wa miaka 46 aliyekuwa na ugonjwa huu, yule mama akainuka akaishi miaka 28 mingine, na inasemekana alitumia tezi za kondoo zaidi ya 870. Mi kila nikipita mnada wa Msalato Jumamosi nikaona wale kondoo wamefungwa kamba namkumbuka huyo mama. Baadaye ndo Edward Kendall kule Mayo Clinic, Marekani, akaweza kuitenga homoni yenyewe siku ya Krismasi mwaka 1914. Leo sisi tunameza kidonge kidogo kuliko punje ya hindi, jamani tushukuru.

Dozi inapimwa kwa maikrogramu. Kwa mtu mzima ambaye tezi yake imekufa kabisa ni kama maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mwenye kilo 70 anaangukia kwenye 112 hivi, atapewa 100 au 125. Mzee au mwenye shida ya moyo anaanza chini, 25 au hata pungufu, anapandishwa pole pole. Halafu mnasubiri wiki 6 mpaka 8 ndo mnapima tena TSH. Watu hapa ndo wanakata tamaa, wiki mbili hajaona kitu anaacha, au anajiongezea mwenyewe. Hii dawa inakaa mwilini muda mrefu, inachukua kama wiki nzima nusu yake tu kuisha, na TSH nayo inashuka kwa kuchelewa, kupima kabla ya wiki 6 ni kupoteza hela na kujichanganya. Faida ya huo ukaaji ni kwamba ukisahau siku moja huanguki, meza ukikumbuka, kesho endelea.

Kuimeza ndo penye kazi, na hapa nimwongelee wifi yangu wa Kondoa (ameniruhusu). Yeye dozi ilipandishwa, ikapandishwa tena, ikafika 150, TSH bado iko juu na bado anasinzia dukani kwake. Daktari akaanza kuhisi hamezi. Nilipoenda kwao nikakaa naye jikoni asubuhi, nikamwona anatoa kile kidonge, anatoa FEFO, vile vidonge vya madini ya chuma alivyopewa kwa ajili ya damu, anatoa na ya vidonda vya tumbo, vyote kiganjani, anashushia na chai ya maziwa. "Wifi, si ndo nisisahau hata kimoja?" Alikuwa anameza vizuri kila siku bila kukosa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba madini ya chuma yanaishika hii dawa tumboni isiingie kwenye damu, kalisiamu nayo hivyo hivyo, na zile dawa za kupunguza asidi nazo zinaipunguza nguvu. Maziwa, soya, kahawa, vyote visikutane nayo. Inatakiwa ikute tumbo tupu, maji matupu glasi nzima, ukae nusu saa na bora zaidi saa zima ndo unywe chai. Vidonge vya damu na vya kalisiamu viachane nayo kwa muda wa saa 4. Wifi sasa levothairoksini anameza akiamka kuswali alfajiri, FEFO anameza mchana baada ya kula, TSH imeshuka mpaka dozi ikabidi ipunguzwe. Mwezi wa Ramadhani daktari wake kamhamishia usiku, anafuturu, anakaa saa 3 bila kula kitu, anameza ndo analala, na inafanya kazi vizuri tu. Mwenye kuona asubuhi ni vurugu za watoto na shule anaweza kumuomba daktari wake hiyo ya usiku hata kama siyo Ramadhani.

Na joto. Boksi limeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25, sasa nyumba zetu hizi za bati bila dari, saa 8 mchana mwezi wa kumi na moja ndani kunakuwaje mnajua. Dawa hii inaharibika kwa joto, mwanga na unyevu. Usiiweke dirishani, usiiache kwenye gari, usiitoe kwenye karatasi yake ukaimimina kwenye kichupa cha plastiki. Mi naiweka chini kabisa kabatini chumba kisichopigwa na jua la jioni. Famasi nayo iangalie, kama boksi limekaa kwenye kioo cha mbele linapigwa jua kutwa, nenda nyingine. Na ukizoea kampuni moja jitahidi ubaki nayo, ikikosekana ukabadilishiwa pima tena baada ya wiki 6. Kwa wanaoenda kijijini Krismasi au wanaopanda SGR kwenda Dar kukaa, bebeni za kutosha na ziada, kwa sababu siyo kila duka la dawa wanazo, huko Mpwapwa mama mkubwa wangu ameshazunguka maduka yote akarudi mikono mitupu.

Naulizwa sana kuhusu dawa nyingine. Ipo homoni nyingine ya thairoidi inayoitwa T3 na ipo dawa inayotokana na tezi za nguruwe zilizokaushwa, na kuna watu nje wanaisifia sana. T3 inapanda haraka na kushuka haraka, moyo unaweza kwenda mbio, madaktari wanaiweka kwa wachache ambao TSH imekaa sawa na bado wana dalili, tena kwa uangalizi. Ile ya nguruwe ina T3 nyingi ukilinganisha na mwili wa binadamu unavyotengeneza. Mi sishauri mtu kuianza kwa kuagizia mtandaoni. Na mnaoniuliza kama levothairoksini inapunguza tumbo, hapana, msinywe kama hamna ugonjwa, ukizidisha moyo unakwenda kasi na kupoteza mpangilio, mikono inatetemeka, mifupa inapungua nguvu.

Kuhusu chakula. Thairoidi inahitaji madini joto, mtu mzima maikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250, na ndo maana chumvi yetu ya paketi imeandikwa hivyo. Nunua hiyo, ifunike, usiimwage kwenye sahani wazi jikoni, maana madini yanapotea. Chumvi ya mawe ya kupimiwa sokoni isiyo na madini joto ikitumika peke yake miaka na miaka ndo tunarudi kwenye yale mavimbe ya shingo tuliyokuwa tunayaona kwa mabibi. Ila mwenye Hashimoto asikimbilie kumeza vidonge vya madini joto au vya mwani, yakizidi yanaweza kuilegeza tezi zaidi. Kabichi iliyopikwa kula. Mlenda wako na ugali wa uwele kula, usinyimwe raha na mtu wa mtandaoni, sema tu usile pale pale na dawa. Na ile mitishamba ya kusafisha mwili inayouzwa kwa laki na kitu, hakuna jani linaloleta T4 kwenye damu, pima TSH kabla na pima baada utaona mwenyewe.

Sasa hili la wajawazito nalisema kwa herufi kubwa kichwani mwangu. Mtoto tumboni miezi ya mwanzo anategemea homoni ya mama yake ili ubongo ujengeke, yeye tezi yake haijaanza kazi. Mama mwenye upungufu ambao haujatibiwa mimba inaweza kuharibika, presha inaweza kupanda, mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati. Kama unatumia levothairoksini na unapanga kushika mimba, kubaliana na daktari mapema, kwa sababu mahitaji yanapanda mara tu unaposhika, na ushauri unaotolewa sana ni kuongeza vidonge viwili kwa wiki, yaani 9 badala ya 7, siku ile ile unayojua, halafu unapimwa kila wiki 4 mpaka katikati ya ujauzito. Usisubiri tarehe ya kliniki. Na kliniki watakupa FEFO, kumbukeni habari ya wifi. Ukishajifungua dozi inarudi kama zamani. Kuna na wale ambao tezi inavurugika baada ya kujifungua tu, inaenda mbio kwanza halafu inalegea, wanaambiwa ni uchovu wa mtoto, naombeni nao wapimwe.

Wengine wa kupimwa hata kama hawajalalamika: aliyefanyiwa upasuaji wa tezi la shingo au kutibiwa kwa mionzi, anayetumia amiodaroni ya moyo, anayetumia lithiamu ya afya ya akili, mwenye kisukari cha aina ya kwanza, mwenye lehemu (kolesteroli) iliyopanda bila sababu. Na mzee wa nyumbani ambaye anajulikana ana thairoidi, akaacha dawa, halafu kwenye ile baridi ya upepo ya Juni na Julai ukamkuta amekuwa wa baridi, anaongea vitu visivyoeleweka, hataki kuamka, huyo usimfunike blanketi ukasubiri asubuhi. Mpeleke usiku huo huo na uwaambie mapokezi kwamba ana thairoidi na ameacha dawa, maana anaweza kupoteza maisha.

Hashimoto inatembea kwenye ukoo, kwa hiyo nilipopata majibu yangu niliwapigia ndugu zangu wote. Mdogo wangu amepima TSH iko 2.1, ameambiwa arudie akiona dalili au akishika mimba. Mama mkubwa wa Mpwapwa ndo aliyekutwa nayo, kaanzishiwa maikrogramu 25 asubuhi na sasa dozi inapandishwa. Dada yetu mkubwa bado anasema ana kazi nyingi shambani, zabibu zinavunwa, nimemwambia Jumatatu namfuata mwenyewe.